Ng'ombe na pikipiki vinalinganishika, au ndiyo "usifananishe usingizi na kifo"?

KatibuPasua

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Pasua, Moshi mjini. Tuko 24, karibu wote kina mama. Wanaume ni watano, na mmoja wao tunamwona siku ya kugawana faida tu. Kuna jambo linanikera tangu Jumapili, nimeona nililete hapa kabla sijagombana na watu.

Wiki mbili zilizopita sanduku lilikuwa na 2,400,000 za kukopesha. Yakaja maombi mawili, na kila mwombaji anazitaka zote. Wa kwanza ni mama mjane, jirani yangu, ana kihamba Kibosho, yaani shamba la ukoo lenye migomba, alichoachiwa na marehemu mumewe. Anataka kununua mtamba mwenye mimba ya miezi sita. Wa pili ni kijana wa boda. Anaendesha pikipiki ya mtu, anataka yake mwenyewe, mpya, na nyongeza kidogo anayo. Kanuni yetu ni kama ya vikoba vingi: unakopa hadi mara tatu ya hisa zako. Kila mmoja wao ana hisa za laki nane. Yaani kwa kanuni wametoka sare.

Mimi na kiherehere changu nikasema hili ni la hesabu tu, nipeni wiki moja. Nikanunua karatasi ya manila, nikachora jedwali la safu nne: faida ya mwezi, usalama wa fedha, ataanza kulipa lini, familia itanufaikaje. Kila safu alama kumi. Nilikaa nayo mpaka saa sita usiku. Ng'ombe akapata 27, pikipiki 29.

Jumapili nikaibandika ukutani kwa soltepu, nikaeleza safu moja moja. Kimya. Halafu mzee wetu mmoja, yule asiyevua kofia hata ndani, akasema polepole: "Katibu, usifananishe usingizi na kifo." Watu walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza. Yule mjane akainama anatafuta kitu kwenye mkoba, na najua hakukuwa na kitu anachotafuta. Kikao kikaahirishwa.

Nimerudi nyumbani na hasira zangu, lakini ule msemo haukunitoka kichwani. Mbona usingizi na kifo watu wanavifananisha siku zote? Msibani tunasema marehemu amelala. Kichanga kikilala sana, bibi anakwenda kukigusa kifua aone kama kinapumua. Tunaonywa tusivifananishe kwa sababu vinafanana! Sijasikia mtu akionywa asifananishe usingizi na sufuria.

Halafu fedha ni zilezile moja. Hata tukisema havilinganishiki, Jumapili sanduku litafunguliwa na kuna mtu atatoka nazo. Tusipolinganisha kwenye manila tutalinganisha kimoyomoyo: nani ana sauti kubwa, nani shoga yake mwenyekiti.

Swali langu: nimekosea kulinganisha, au nimekosea namna ya kulinganisha? Utani ruksa, ila na mimi mniachie la kushika.

BodaKiboriloni

Pikipiki. Ng'ombe anakula hata siku ambayo hatoi kitu. Pikipiki ukiizima imeshiba.

MtoriMoto

Na hiyo pikipiki itazaa lini? Mkuu tuwekee picha ya ndama wake.

MamaSado

Dada katibu pole. Mimi nauza Mbuyuni, mwaka wa 13 huu, maharage na viazi, na vitunguu vikiwa na bei.

Nikuambie habari ya sado. Lile kopo la rangi la lita nne, hakuna mama wa huku asiyelijua. Mteja anakuja, anauliza sado ya viazi, anauliza sado ya maharage, halafu ananuna: mbona maharage ghali hivyo na kopo ni hilohilo? Kopo ni hilohilo kweli. Lakini chukua viazi vile vikubwa, vipange vijae mpaka juu, kisha ingiza vidole katikati. Vinapita. Umenunua viazi na hewa. Maharage hayaachi kona, na ukilitikisa kopo yanashuka tena vidole viwili. Ndiyo maana mteja mjanja anasema "tikisa mama", na mimi siku hiyo sisikii vizuri.

Sisemi sado ni mbaya, ndiyo iliyonisomeshea watoto. Ukitaka kulinganisha maharage yangu na ya jirani yangu wa meza ya pili, sado inatosha sana. Ukitaka kulinganisha maharage na viazi, sado inakudanganya huku inakuangalia usoni. Hapo uulize kingine. Mama mwenye watoto sita nyumbani nimeshamwona: haangalii kopo, anauliza "hii itanifikisha Alhamisi?" Akishauliza hivyo, viazi na maharage anavipima vyote kwa mara moja, na hakosei.

Alama zako kumi ni sado, mwanangu. Upande mmoja umejaza maharage, upande mwingine viazi. Upande upi ndio wa viazi, mimi sijui.

TichaHesabu_A-Town

Nafundisha hesabu sekondari hapa Arusha. Nimtetee katibu kidogo kabla sijamkosoa.

Kulinganisha vitu tofauti ndiyo kazi tunayofanyia watoto wa nchi nzima. Kidato cha nne A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, yanajumlishwa, na 7 hadi 17 ni divisheni wani. C ya Hisabati ni 3, C ya Kiswahili ni 3. Ni kitu kimoja? Mwalimu gani atakuambia ndiyo! Lakini nafasi zina mwisho na watoto ni wengi, foleni lazima ipangwe, na ikipangwa bila pointi itapangwa kwa simu za wajomba. Hapo niko na katibu.

Sasa angalia kinachopotea njiani. C inaanzia 45 hadi 64. Mwenye 45 na mwenye 64 wamekalishwa dawati moja. Mwenye 65 yuko B, ng'ambo ya mto, kwa alama moja tu. Kwa hiyo mimi nikisikia 27 na 29 sipigi makofi. Nauliza: hizo mbili zilizozidi zimetoka safu gani? Na nani alisema usalama wa fedha una uzito sawa na faida? Ulipoipa kila safu kumi, jambo hilo ulikwisha kuliamua, ila hukumwambia mtu. Pengine hata mwenyewe hukujiambia.

Fanya hivi. Safu ya usalama izidishe mara mbili, ujumlishe upya. Kisha irudishe, uzidishe ya faida. Mshindi akibadilika, usipeleke jumla kikaoni. Peleka swali la usalama na faida, watu walibishanie lenyewe.

KatibuPasua

Ticha nimefanya sasa hivi, manila iko chini sakafuni. Usalama mara mbili: ng'ombe 35, pikipiki 34. Faida mara mbili: ng'ombe 33, pikipiki 38.

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa napiga kura, ila kwa kalamu. Na wala sikujua nampigia nani.

PolePole_Marangu

Naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, kwa hiyo nitasema ya mlimani.

Kila kundi lina mtu wa kuniuliza, njia ipi bora, Marangu au Machame? Wameshasoma kwenye intaneti kwamba wanaofika kilele cha Uhuru kwa Machame ni wengi kuliko wa Marangu, basi wamehitimisha Marangu ni ngumu. Wenyewe tunacheka. Marangu mwinuko wake ni wa taratibu, na unalala kwenye vibanda, Mandara, Horombo, Kibo, wakati wenzako wa Machame wanalala kwenye mahema. Sasa mbona wanarudi njiani? Kwa sababu Marangu inauzwa sana ya siku tano, ni nafuu. Machame watu wanachukua sita au saba, na kuna ile siku ya Lava Tower: unapandishwa mpaka mita 4,600 hivi, unakula chakula chako na kichwa kinagonga, halafu unashushwa kulala Barranco, chini ya 4,000. Mwili unazoea. Kilele ni kilekile cha mita 5,895 na hewa ni ileile haba.

Yaani mgeni anadhani analinganisha njia na njia, kumbe analinganisha siku tano na siku saba. Mwongezee siku moja ya kupumzika Horombo umwone kama atakuwa yuleyule.

Sasa dada, huyo mama amewahi kufuga, au ndiyo anaanza? Kijana ana miaka mingapi barabarani? Isije ikawa umeandika ng'ombe na pikipiki juu ya jedwali, na chini yake umelinganisha mtu anayejua kazi na mtu anayejifunza.

KatibuPasua

Mama amefuga tangu alipoolewa. Ng'ombe wa mwisho aliuzwa mume alipolazwa. Kijana ana miaka minne barabarani, ameanguka mara moja, na siku hiyo alikuwa amesimama.

Hakuna safu niliyoliandika hilo. Nilimpa ng'ombe alama za usalama kama vile ng'ombe anajifuga.

BodaKiboriloni

Kuanguka ukiwa umesimama kupo, msicheke. Abiria akishuka upande usiotegemea unakwenda naye.

MzeeWaUru

Wajukuu hamjambo. Ninaandikiwa na mjukuu, mimi nasema yeye anabonyeza.

Huku kwetu kahawa ni ya zamani. Mapadri waliipanda Kilema mwaka 1898, ushirika wetu wa KNCU ukaandikishwa 1933, na nyumba nyingi za tofali mlimani huku ni za kahawa. Mwaka 1989 ule mkataba wa dunia wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei ikaanguka kama embe bovu. Nikavumilia. Mwaka 1993 nikakaa na daftari kama huyu katibu. Upande huu kahawa, upande huu nyanya na mahindi. Bei ya mwaka ule kwa bei ya mwaka ule. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, hata leo ukiipitia huoni kosa.

Nikang'oa mibuni ya baba yangu. Mizizi ilikuwa imeshikana na migomba, nikavunja mpini wa shoka mara mbili, mke wangu amesimama mlangoni hasemi neno. Mwaka uliofuata, 1994, baridi kali ikaunguza mashamba ya kahawa Brazil. Bei ikaruka dunia nzima. Jirani yangu, ambaye hakung'oa kwa uvivu tu, akaezeka bati jipya. Mimi nilikuwa na nyanya.

Mbuni wenyewe una tabia yake, mwaka huu unazaa hadi matawi yanainama, mwaka ujao unapumzika. Ukiupima kwa mwaka mmoja umepima mwaka, hujaupima mbuni. Sikukosea kulinganisha, nilikata kamba ya kupimia ikawa fupi. Huyo ng'ombe mnampima mpaka lini? Kwa miezi sita pikipiki inamshinda mchana kweupe. Kwa miaka mitatu pikipiki ni vyuma na ng'ombe ana watoto wawili. Ila msimpambe naye. Ndigana ikiingia bandani haibishi hodi, na chuma hakiugui ndigana.

MtoriMoto

Shikamoo mzee. Hapo kwa mke aliyesimama mlangoni nimeumia mimi.

MzeeWaUru

Marahaba. Mpaka leo hajalisema, ila nyanya hanunui.

HazinaSakina

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, Sakina, Arusha. Dada katibu, sanduku lenu lina mifuko mingapi?

Najua ni miwili, wa hisa na wa jamii, kama yetu. Wa hisa una riba. Wa jamii hauna, ni wa msiba, ugonjwa, kujifungua. Watu wanadhani ni utaratibu tu wa waliotufundisha. Sisi mwaka wa kwanza tulijiona wajanja, tukaweka vyote mfuko mmoja, fedha ni fedha. Mwezi wa nne mwenzetu mmoja akataka laki mbili kuongeza mzigo wa dukani, na mwingine akataka laki moja na nusu kwa mtoto aliyekuwa na homa siku ya sita. Zilikuwepo laki mbili na ushee. Tukaanza kulinganisha! Duka litarudisha na riba, je, homa? Nakumbuka mtu alisema "sasa hiyo homa itarudisha nini", akasikia mwenyewe alichokisema, akafunika mdomo kwa kanga. Hakuna aliyeendelea. Tulimpa mama wa homa, na wiki iliyofuata tukashona mfuko wa pili kwa kitenge.

Kwa hiyo mipaka ipo, ila mzee wako wa kofia ameiweka mahali pasipo pake. Ng'ombe na pikipiki vyote ni vya mfuko wa hisa. Pimeni. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya Jumapili uwaendee wenyewe, ukae nao bila manila. Umewauliza watapata nini. Waulize wasipopata kitawatokea nini.

KatibuPasua

Asanteni sana wote. Naleta mrejesho, jana tumekaa.

Jumamosi nilikwenda kwanza kwa kijana, nikamkuta kijiweni. Akatoa daftari lenye mafuta limekunjwa mara mbili. Kila siku anampelekea mwenye pikipiki 8,000, siku 26 kwa mwezi. Nikajumlisha palepale: 208,000. Rejesho la mkopo wetu pamoja na riba ni 220,000 kwa mwezi. Yaani kijana anaulipa mkopo huu tayari, tena kwa miaka minne, ila analipa na pikipiki inabaki ya mtu. Kwenye manila nilimlinganisha na ng'ombe. Nilitakiwa kwanza nimlinganishe na yeye mwenyewe wa jana. Nikamuuliza, usipopata? Akasema nitaendelea kupeleka hesabu, mwenye chombo hajanifukuza, ni mtu mzuri tu.

Kwa mama nilifika anachambua mchicha. Akanieleza maziwa, akanieleza mbolea ya migomba. Nikamuuliza swali la HazinaSakina. Akanyamaza, akaendelea na mchicha kama hajasikia. Halafu akasema: "Katibu, ng'ombe akiwa bandani kuna mtu anapandisha majani kila siku, kuna mlango unafunguliwa asubuhi. Tangu banda liwe tupu, shemeji zangu wakipita wanasema kihamba kimelala."

Sikuwa na safu ya hilo na sikujua ningeipa alama ngapi. Nilimwomba ruhusa nilisemee kikaoni, akakataa, akasema nitasema mwenyewe. Na jana alisema, kwa sentensi mbili, akakaa.

Tulibishana saa moja na nusu. Suala la usalama na faida tulilitoa kwenye jedwali kama ticha alivyosema, na hapo ndipo watu waliokuwa wamelala wakaamka. Kijana mwenyewe ndiye aliyelimaliza: mtamba una mteja mwingine wa Boma anayekuja Jumatano, madukani pikipiki hazijaisha, yeye anaweza kungoja marejesho ya miezi miwili. Mama amepewa, miezi mitatu ya kwanza alipe riba tu mpaka ng'ombe azae. Kijana ameandikwa wa kwanza kwenye foleni, na nimeandika kwa wino.

Kura 21 za ndiyo, mbili za hapana, mmoja hakuwepo, mnamjua. Mojawapo ya zile za hapana ni ya mzee wa kofia. Alitaka pikipiki ipewe kwanza. Wakati wa kufunga kufuli nikamuuliza mzee, kwa nini pikipiki?

Akasema, "Nimelinganisha."